Mfungo wa Nzuki

Zamani alipokuwa mzima, Nzuki Matheka alijulikana mtaani Baba Dogo, Nairobi, kwa mambo mawili: lori la kiwanda cha rangi alilokuwa akiliendesha, na jinsi alivyokula. Lori halikuwa la ajabu, maana madereva mtaani walikuwa tele. Kula ndiko kulikompa jina. Nchi hii aliijua kwa tumbo. Ukimwuliza Eldoret ni mwendo gani kutoka Nakuru, hakukutajia maili. Alikwambia, "Ukitoka Nakuru umeshiba maharagwe, Eldoret unafika ndiyo kwanza unaanza kutamani chai." Kila mji ulikuwa na mama wake wa hoteli, na wako waliokuwa wakimwona anashuka kwenye lori wakaongeza maji kwenye mchuzi kabla hajafika mlangoni.

Jumamosi akiwa nyumbani, yeye na wenzake wa kiwandani walikwenda Kiamaiko kununua mbuzi, na kazi ya kuchagua aliachiwa yeye. Alimzunguka mbuzi, akamshika mgongo, akamfunua mdomo, akamtazama machoni. Mkewe Koki, mwanamke mwembamba mwenye maneno machache, alipenda kusema kwamba yeye mwenyewe alipochumbiwa hakukaguliwa kwa makini namna ile.

Basi mwaka wa themanini na mbili ukielekea kwisha, tumbo likamgeuka.

Lilianza kama tumbo la mtu yeyote. Akailaumu hoteli moja ya njiani, akaapa hatakanyaga tena pale, akahamia ya jirani yake. Tumbo likaendelea. Safari zikaanza kukatwa vipande: lori linasimama kando ya barabara, Nzuki anaingia vichakani, taniboi wake, kijana wa kumsaidia kwenye lori, anatazama milima. Baadaye ikaja homa, na maumivu upande wa kulia chini, na damu. Mshipi ulitobolewa tundu jipya, kisha jingine, hadi ncha yake ikawa inaning'inia kama mkia.

Kliniki moja ilimwambia ni amiba. Nyingine ikasema minyoo. Ya tatu ikasema vidonda vya tumbo, ikampa dawa nyeupe ya kunywa yenye ladha ya chokaa, na Nzuki, aliyefanya kazi na rangi za nyumba, aliijua ladha ya chokaa. Mama mkwe wake alituma mizizi ya dawa kutoka Mwala, Ukambani, ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Alikunywa yote. Mwishowe tumbo lilijifunga kabisa, likavimba, akawa anatapika hata maji. Wakamkimbiza hospitali, wakampasua, wakatoa kipande cha utumbo.

Daktari aliyekuja kumweleza alikuwa mwanamke mrefu, wa sauti ya chini. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo Nzuki hakuwa amewahi kuliona likifanywa na daktari.

"Ugonjwa wako unaitwa Crohn," alisema. "Hukurogwa, na hukuupata kwa kula sana. Utumbo unavimba wenyewe, unafanya vidonda, na pahali pengine njia inakuwa nyembamba. Dawa za kuutuliza tunazo. Za kuumaliza hatuna."

Nzuki alifikiri kidogo. Yako maswali mengi ambayo mtu angeuliza hapo, kuhusu maisha na kifo. Yeye aliuliza, "Sasa nitakula nini?"

"Hilo ndilo gumu. Kila mgonjwa na tumbo lake. Anza na vitu laini, vilivyomenywa na kupikwa vikaiva sana. Kula kidogo kidogo, mara nyingi. Ukitaka kujaribu kitu kipya, jaribu kimoja tu, halafu ungoje uone. Lakini maganda ya mahindi, mbegu, njugu, nyuzi za miwa, hivyo viache. Pale njia ilipobana vinaweza kuziba tena."

"Mahindi yote?"

"Punje nzima, ndiyo."

"Muthokoi je?"

Daktari hakuwa mtu wa Ukambani. Ilibidi aelezwe, na Nzuki, aliyekuwa hajaweza hata kugeuka kitandani, alijiinua kwa kiwiko kuueleza. Ni mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu mpaka ganda likatoka lote. Hayana ganda hata kidogo. Mtu akiyaangalia vizuri ni kama wali tu, wali mkubwa.

"Na yanapikwa na nini?" daktari aliuliza.

Nzuki alitazama dari. "Na maharagwe," alisema hatimaye.

Habari za ugonjwa zilipelekwa Mwala na shemeji yake, na zilipofika jina lilikuwa limekwisha kuwa "koloni." Mama mkwe hakushangaa. Alisema kwamba yeye tangu zamani alijua wale wakoloni hawakuondoka wote.

Nyumbani Koki alishika usukani. Chakula kiliingizwa kimoja kimoja kama mgeni asiyeaminika. Wali uliopikwa mpaka ukavurugika ulikubalika. Viazi vilivyopondwa vilikubalika. Ndizi mbivu zilikubalika mara moja. Mayai pia, na samaki aliyetolewa miiba yote na Koki mwenyewe akiwa amevaa miwani ya marehemu babake. Maziwa yalimkimbiza chooni kabla kikombe hakijaoshwa. Chungwa lilimtesa. Na sukuma wiki, ambayo ndiyo iliyokuwa ikishikilia roho za watu wa mtaa mzima, ilimlaza kitandani tangu asubuhi hadi jua kuzama.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba binti yao Ndindi alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Jioni Koki aliweka mezani mabakuli mawili, na ndani yake mlikuwa na kitu kile kile, isipokuwa la mtoto mara nyingine lilikuwa na vipande vya nyama.

Siku moja Koki alikwenda sokoni Kariobangi. Jirani mmoja alikuwa amewaletea bakuli la muthokoi, naye Koki alikuwa amelificha juu ya kabati. Nzuki aliliona. Alijiambia ataonja tu. Kisha akajiambia kwamba shida ni maganda ya maharagwe, na maharagwe yakitafunwa vya kutosha hayana tena ganda la kusema. Akatafuna kwa uangalifu mkubwa, kila tonge likawa uji kinywani, akajiona mwerevu. Koki aliporudi alimkuta amejikunja sakafuni, jasho linamtoka, ganda jekundu la haragwe limemganda kidevuni. Aliweka kikapu chini. Alimpa maji, akamkanda, akamfunika. Maumivu yalipopungua na Nzuki akaweza kuketi, ndipo alipomfuta kidevu.

"Lilikuwa na chumvi ya kutosha?" aliuliza.

Aliyewaokoa na ule uji wa kila siku ni jirani wa mlango wa pili, Phelister, mwanamke wa Kakamega aliyefanya kazi kiwanda cha sabuni. Alikuja na mrenda. Nzuki kwa miaka mingi alikuwa akiwacheka watu wa magharibi kwa mboga ile inayovutika, akisema wanaweza kubandikia stempu. Koki mwenyewe aliitazama kwa mashaka. Lakini ilikuwa imepikwa ikalainika kabisa, na Phelister alisema hata mzee asiye na jino huimeza. Nzuki alikula vijiko vichache, akangoja. Akangoja hadi kesho yake. Tumbo lilikuwa shwari kama limelala.

Phelister hakumwachia. Kila alipopita dirishani aliuliza kwa upole, "Shemeji, leo hubandiki stempu?"

Ndani ya nyumba, basi, mambo yalipata njia. Balaa lilikuwa nje. Hakurudishwa kwenye lori. Kiwanda kilimpa kazi ya karani wa kupanga magari, na hilo alilivumilia. Asilolivumilia ni kuulizwa. Mwanamume mzima, aliyekuwa akimaliza paja la mbuzi na kuulizia la pili, angeanzaje kusimama mbele ya watu akasema hawezi kabichi? Na ugonjwa wenyewe ulikuwa wa sehemu ambazo watu wazima hawazitaji. Kwanza alisingizia jino. Jino likauma muda mrefu mno, mpaka rafiki akajitolea kumpeleka kwa mng'oaji.

Kisha ikaja harusi kanisani. Mama mmoja wa kamati ya mapishi alimjia na sahani iliyojaa kama kichuguu: wali, nyama ya kukauka, kabichi mbichi, chapati juu kama kofia. "Kula, baba," alisema kwa sauti ya kusikika na meza zote. "Umekonda mpaka unatutia hofu."

Watu waligeuka. Nzuki alifungua kinywa bila kujua kitakachotoka.

"Nimefunga," alisema.

Sahani ilirudi nyuma polepole, kwa heshima, kama iliyowekwa mbele ya askofu kwa makosa. Yule mama aliinamisha kichwa. Hapakuwa na swali la pili. Nzuki hakuwa amewahi kuona neno moja likifanya kazi safi namna ile.

Akalitumia tena kwenye matanga. Akalitumia kwenye ubatizo, na kwenye chai ya vijana. Na mambo yalikuwa yakimsaidia yenyewe. Amekonda mwili: ni kufunga. Dawa za daktari zilimjaza mashavu yakang'aa, na akina mama wakaambiana kwamba hata uso unaonyesha. Ibada ikiwa katikati, Nzuki aliinuka ghafla akatoka nje, akakaa huko, akarudi mnyonge na mtulivu, na watu walielewa kwamba kuna wenye mzigo wa maombi usioweza kungoja Amina. Msalani pa kanisa palikuwa nyuma, karibu na miti, na hakuna aliyewahi kumfuata kuona ameshika upande upi.

Mchungaji wao, Phares Mutisya, mtu mwema asiyejua kumdhania mtu vibaya, alimwita akamwomba aingie kamati ya maombi.

Nzuki alimweleza Koki jioni hiyo, huku akichota viazi vyake.

"Na wakikuuliza huwa unaombea nini?" Koki aliuliza.

"Nitasema ni siri."

"Hapo hutakuwa umedanganya."

Alikataa kumsaidia katika uongo ule, na alikataa pia kumfichua. Alichofanya ni kuhamia kiti cha nyuma kanisani, karibu na mlango, na akina mama walipomsifu kwa kubahatika kupata mume kama yule alijibu kwamba ni kweli, hamsumbui kwa mapishi mengi.

Ndipo ulipokuja mwaka wa themanini na nne, na mvua za masika zikakataa. Ukambani palikauka. Jamaa walianza kufika Nairobi na vifurushi, wakalala kwa ndugu zao mabwenini na vyumbani. Dukani ulikuja unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, na watu waliopanga foleni walinung'unika rangi yake na harufu yake, kisha wakaula. Nzuki aliona aibu mara mbili. Binamu yake, aliyetoka Mwala akiwa amekula mizizi ya porini, aliketi mezani akamtazama mwanamume mwenzake akitenga mboga kando ya sahani. Nzuki angependa kukemewa.

Mchungaji Mutisya alitangaza wiki ya kuomba mvua. Wanaoweza wafunge mchana kutwa, na kila jioni wakutane kanisani baada ya kazi. "Na wa kutuongoza," alisema, "hatuna haja ya kumtafuta."

Shingo zote zilipinda kumtazama Nzuki. Alihisi tumbo likifanya lile linalofanya siku zote, lakini safari hii hakuthubutu kutoka.

Kufunga hakuweza. Dawa zake zilitaka chakula, daktari alimwonya juu ya hilo, na yeye mwenyewe akipitisha saa chache bila kitu tumboni alitetemeka. Kwa hiyo wiki hiyo karani wa magari alikuwa na kazi nyingi kwenye stoo, nyuma ya madebe matupu ya rangi, ambako aliponda ndizi kwa kijiko kwenye kifuniko cha chombo chake na kuzimeza amesimama, akisikiliza nyayo. Jioni alisimama mbele ya kanisa, midomo imefutwa zaidi ya inavyohitajika, akawatia moyo watu ambao sauti zao zilikuwa zimekauka kweli. Aliomba vizuri pia. Mtu anayeogopa huomba vizuri.

Aliyekuwa akimtazama zaidi ya wote ni Mzee Javan, baba mkwe wa Phelister. Alikuwa mlinzi wa ghala zamani, mjane, mnyoofu kama fimbo yake, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Phelister alimkataza kufunga. Mzee alimjibu kwamba kama mtu aliyepasuliwa tumbo juzi anafunga na kusimama, yeye ambaye hajapasuliwa hana kisingizio. Alikuwa akimeza vidonge vyake asubuhi kwa maji matupu, kisha hali kitu.

Alhamisi alianguka uani, akiwa anajiandaa kwenda kanisani. Phelister alimkuta ametota jasho, anaongea maneno yasiyoungana. Alimpaka sukari ndani ya shavu, akamnywesha maji ya sukari alipoweza kumeza, na majirani wakambeba hadi zahanati.

Nzuki alifika akiwa bado na tai ya kazini. Mzee Javan alikuwa amelala chali, amepata fahamu, macho yamerudi mahali pake. Alipomwona alijaribu kuketi.

"Lala, mzee."

"Nimekuaibisha," Mzee Javan alisema. "Nilitaka kumaliza wiki. Nilikuwa nikikutazama wewe, nikisema nitafanya kama yule kijana. Nieleze, unawezaje? Mwili wako unaupa nini?"

Phelister alikuwa dirishani, amewapa mgongo. Nzuki alivuta kiti. Alitamani tumbo limuume wakati huo, apate sababu ya kutoka, na lenyewe, ambalo kwa miaka miwili lilikuwa halijawahi kumwachia nafasi, lilitulia tuli.

"Mzee, mimi sifungi," alisema.

"Leo?"

"Hata siku moja. Tangu ile harusi. Nina ugonjwa wa utumbo, vyakula vingi siviwezi, na niliona haya kusema. Leo nimekula ndizi na viazi. Jana hivyo hivyo. Nikila nakula nimejificha, kisha nakuja kuwaongoza."

Mzee Javan aligeuza kichwa ukutani. Nzuki alingoja kutukanwa, na hilo lingekuwa afadhali.

"Nenda ukawaambie na wengine," mzee alisema akiwa bado ameangalia ukuta. "Kabla hajaanguka mwingine."

Njiani Phelister alimfikia. Hakumtania. Alisema tu, "Ungeniambia mimi, shemeji. Si mboga unaitoa kwangu," akarudi kwa mgonjwa wake. Nzuki alikumbuka maneno hayo kuliko ya mzee.

Jumapili alisimama. Koki, ambaye alikuwa amezoea kukaa nyuma, siku hiyo alikwenda kukaa safu ya kwanza, mtoto mapajani. Nzuki alikuwa amejiandalia maneno ya heshima, lakini yalimponyoka yote, akasema ya kawaida. Alisema ni mgonjwa, akautaja ugonjwa. Alisema kuhusu damu, na kupasuliwa, na wali wa kuvurugika. Alisema amekuwa akiita kufunga kile ambacho ni kuogopa kabichi, na kwamba Mzee Javan amelala zahanati kwa kumwamini.

Kisha, nyuma, bibi mmoja mzee ambaye masikio yake hayakuwa mazuri na hivyo alizoea kuongea kwa nguvu, alisimama.

"Kwa hiyo, mwanangu, pale ulipokuwa ukitoka nje katikati ya mahubiri kwenda kuomba..."

"Nilikuwa msalani, mama."

Hapakuwa na namna ya kulizuia. Kicheko kilianzia kwa vijana, kikapita kwa kwaya, kikafika kwa wazee wa kanisa. Mchungaji Mutisya alishika kitambaa akajifuta uso, akaendelea kujifuta muda mrefu kuliko jasho lenyewe. Alipokiondoa alikuwa amekuwa mzito tena. Alisema kosa si la Nzuki peke yake. Yeye mchungaji alitangaza mfungo bila kuuliza nani anameza dawa, na tangu leo kila mfungo utakapotangazwa, wagonjwa watatangaziwa kula, nao watakula bila haya. Baadaye, ofisini, alimwondoa Nzuki kwenye kamati ya maombi, kwa upole, akisema apumzike kidogo. Nzuki alikubali haraka kiasi cha kukosa adabu.

Si wote waliosamehe. Yuko seremala mmoja wa pale Baba Dogo aliyefunga wiki nzima na kazi yake ya msumeno, ambaye kwa muda mrefu alimsalimu Nzuki kwa kidevu tu. Na mvua ziliponyesha mwishoni mwa mwaka, ulikuwapo mjadala mkali nje ya kanisa: wengine walisema Mungu alisikia maungamo, na wengine kwamba zingekuja mapema zaidi lau si zile ndizi za stoo.

Kilichomshinda Nzuki hasa ni huruma. Sasa kila mtu alijua, na kila mtu alisaidia. Nyumba ilijaa vitu vilivyopondwa. Walileta malenge yaliyopondwa, nduma zilizopondwa, hata mama mmoja alileta chapati iliyopondwa, ambayo hadi leo haijulikani aliifanyaje. Na walimwuliza maswali. Walimwuliza ng'ambo ya barabara, mbele ya wateja wa kinyozi: "Baba Ndindi, leo choo kimekuwaje, kimeshikana?" Vijana wa kiwandani walimsalimu, "Niaje, askofu." Alimwambia Koki kwamba alipokuwa mtakatifu watu walikuwa na heshima.

Mzee Javan alikaa bila kuja kwao kwa muda. Nzuki hakumlazimisha. Halafu ikaja sherehe ya ubatizo, watu wakapakuliwa, na mzee akaja na sahani yake, akavuta benchi, akaketi kando ya Nzuki bila salamu. Aliangalia sahani zote mbili.

"Wali huu mwingi unanidhuru," alisema.

"Na mimi siwezi haya maharagwe na kabichi."

Mzee alichukua kijiko akaanza kuhamisha. Maharagwe na kabichi vilikwenda kwake, sehemu kubwa ya wali ikaja kwa Nzuki. Walipomaliza walikuwa na sahani mbili ambazo kila mmoja angeweza kumaliza. Tangu hapo kwenye kila shughuli walikaa pamoja, na wapakuaji waliacha kuwauliza.

Ugonjwa haukuondoka. Mwaka wa themanini na sita ulirudi kwa nguvu, akakonda tena, akalazwa. Nzuki aliudhika sana, maana alikuwa ametii kila kitu. Alimlaumu samaki mmoja. Daktari yule mrefu alimwambia kwamba chakula huweza kuchokoza au kutuliza, lakini si chakula kinachouwasha. Ulirudi kwa sababu ndivyo ulivyo, naye atabadilishiwa dawa. Nzuki aliona si haki. Daktari alikubaliana naye kwamba si haki, na hilo lilimfariji kidogo.

Alipopata nafuu, daktari alimwomba ruhusa ya kumtuma mtu nyumbani kwake. Alikuja msichana wa Kariobangi, fundi wa nguo, jina lake Kavata, mwembamba, amejifunga leso tumboni kama anayezuia kitu kisidondoke. Alikuwa ameambiwa jina la ugonjwa wiki chache tu zilizopita. Aliketi kwenye ncha ya kiti.

Nzuki alikuwa amejitayarisha. Hakuwahi kuwa na mtu wa kumfundisha. Alimweleza habari za kujaribu kitu kimoja kimoja, habari za kumenya na kuchuja, na kwamba asione haya wala asidanganye, kisha akamalizia kwa kile alichokiona kama dhahabu yenyewe.

"Lakini ukizidiwa kabisa, dada, rudi kwenye wali. Wali laini hauwezi kukusaliti."

"Wali ndio unaoniangusha," Kavata alisema.

Nzuki alimtazama. "Labda haukuiva."

"Uliiva."

"Labda uliweka mafuta."

"Maji na chumvi, kaka. Mara tatu. Lakini maziwa nakunywa bila shida, na maharagwe yakipondwa nakula."

"Maharagwe," Nzuki alisema taratibu, kama anayetaja jina la mtu aliyehama zamani. Alimgeukia Koki apate kuungwa mkono.

"Mwache na tumbo lake," Koki alisema, akainuka kwenda jikoni. "Si uliambiwa kila mtu na lake?"

Kavata aliendelea kuja, kila baada ya majuma machache, na hawakupatana hata siku moja. Walibishana kuhusu wali, kuhusu maziwa, kuhusu kama papai ni tunda au ni dawa, sauti zikipanda, kila mmoja akijiapia utumbo wake. Kavata alikuwa akicheka anapoondoka, na leso alikuwa ameacha kuifunga. Koki aliwapikia sufuria mbili tofauti, na ya kwake mwenyewe ya tatu, pembeni, yenye muthokoi. Akasema mgonjwa mwingine akitumwa pale ni sawa, aje tu, lakini aje na jiko lake.